Daraja la Jangwani na Barabara ya Morogoro: Nani Abebe Mzigo wa Kusubiri?

Kila masika yanapokaribia, wakazi wa Dar es Salaam huulizana swali lile lile: je, Jangwani patapitika? Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, asubuhi maji ya Mto Msimbazi hufunika Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Faya. Polisi huifunga njia, mabasi yaendayo haraka husitisha safari zake za katikati ya jiji, na maelfu ya watu hubaki upande wa pili wa maji. Mgonjwa anayetoka Mbezi, Kimara, Ubungo au Manzese hawezi kufika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa njia aliyoizoea. Mfanyabiashara wa Kariakoo hafungui duka lake, na kibarua anayelipwa kwa siku hurudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu mwaka 2024, mkataba wa kujenga daraja jipya la Jangwani uliposainiwa, swali hilo limepata sura mpya. Daraja hilo, lenye urefu wa takribani mita 390, ni sehemu ya mradi mpana wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 200 mwaka 2022. Tunaipokea hatua hii kwa moyo wa shukrani. Hata hivyo, tungependa waamini na watu wote wenye mapenzi mema watafakari jambo moja ambalo mara nyingi huachiwa wahandisi peke yao, nalo ni mpangilio wa hatua za ujenzi. Tunasadiki kwamba kuamua kazi ipi itangulie na ipi ifuate ni suala la kiufundi na, wakati huo huo, ni suala la haki. Mpangilio huo ndio unaoamua nani atabeba mzigo wa kusubiri.

Bonde ambalo jiji zima hulivuka

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katika vitongoji vyenye watu wengi, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Barabara ya Morogoro huukata mto huu katika eneo la chini kabisa. Barabara hiyo hupitisha abiria wa sehemu kubwa ya magharibi ya jiji, na ndiyo mwanzo wa safari ya mizigo inayotoka bandarini kuelekea Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Jiji la ukubwa huo haliwezi kutegemea daraja ambalo mvua ya usiku mmoja hulizima.

Gharama ya bonde hili haipimwi kwa foleni pekee. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini. Waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Viwanja walivipata, lakini kazi, masoko na shule za watoto wao zilibaki mbali, na baada ya muda baadhi yao waliviuza viwanja hivyo na kurudi karibu na bonde. Hawakurudi kwa ukaidi. Walirudi kwa sababu waliondolewa kabla ya kuandaliwa maisha mahali pengine. Hilo nalo ni tatizo la mpangilio: hatua ya pili ilitekelezwa kabla ya hatua ya kwanza.

Maji kabla ya lami

Kanuni ya kwanza ya ujenzi wa barabara ni kwamba adui wa lami ni maji. Tabaka la lami tunaloliona ni ngozi tu. Nguvu ya barabara imo katika matabaka ya kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake. Maji yakipenya huko, matabaka yanalainika, lami inapasuka, na magari mazito yanamaliza kazi ya uharibifu. Wataalamu hukadiria kwamba mzigo wa ekseli moja ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara yanaweza kuongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya udhibiti wa uzito wa magari mwaka 2016, na ndiyo maana tuna mizani barabarani. Kuweka lami mpya juu ya barabara isiyo na mitaro ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja. Mwaka wa kwanza unapendeza. Mwaka wa pili fedha za walipakodi zimekwenda na maji.

Pale Jangwani, kanuni hii ina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi mto umebeba mchanga kutoka juu pamoja na taka za viwandani na majumbani. Mchanga huo hutulia katika eneo la chini, sakafu ya mto hupanda, na nafasi iliyo chini ya daraja hupungua. Kwa hiyo daraja lile lile, kwa kiasi kile kile cha mvua, leo hupitisha maji kidogo kuliko zamani. Daraja refu na la juu zaidi litatuondolea adha ya barabara kufungwa, lakini halitauponya mto. Ikiwa mchanga na taka vitaendelea kushuka kutoka juu, watoto wetu watalijadili daraja jingine.

Tunalo funzo karibu nasi. Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, kutoka Kimara hadi Kivukoni na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016. Ni mradi uliobadilisha maisha ya wengi, na njia zake zilijengwa kwa zege ili zidumu. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lenyewe, kabla tatizo la mto halijashughulikiwa. Mafuriko yakaifuata karakana na kuyaharibu mabasi. Sasa mpango wa Bonde la Msimbazi unajumuisha kuihamisha karakana hiyo hadi Ubungo Maziwa, maana yake umma unagharimia jambo moja mara mbili. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Tunasema ili kuonyesha kwamba hatua iliyowekwa mahali pasipo pake hulipwa baadaye, na kwa kawaida hulipwa na wale ambao hawakuulizwa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa kitume Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira haipaswi kuja baada ya mradi kukamilika mezani. Inapaswa kuwa sehemu ya mchakato tangu mwanzo, ikifanywa kwa uwazi na bila shinikizo la fedha wala la kisiasa. Katika mazingira ya Dar es Salaam, maneno hayo yana tafsiri rahisi: mto kwanza, daraja baadaye, lami mwisho.

Watu kabla ya greda

Kanuni ya pili inahusu binadamu. Kila mkazi wa kando ya barabara kuu nchini Tanzania anazijua alama za X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara, hivyo hana fidia. X ya kijani humwambia kwamba barabara ndiyo iliyomfuata, hivyo atalipwa siku eneo lake litakapohitajika. Wapo waliokaa na alama ya kijani ukutani kwa miaka mingi. Benki haiipokei nyumba ya namna hiyo kuwa dhamana, mnunuzi hamtokei, na mwenyewe anaogopa kuongeza hata chumba kimoja. Mradi haujamgusa kwa greda, lakini umekwisha kuyagusa maisha yake.

Upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, ulituonyesha uchungu wa jambo hili. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa, pamoja na majengo ya ibada, kwa msingi kwamba hifadhi ya barabara katika eneo hilo ni mita 121.5 kila upande. Waliobomolewa hawakulipwa fidia, na baadhi yao walikuwa wamefungua mashauri mahakamani. Leo barabara ile pana inatusaidia sote, nasi tunaipita kwa furaha. Dhamiri njema haina budi kukumbuka kwamba wapo waliolipa nauli yetu.

Sheria za nchi zina mambo mazuri ambayo waamini wengi hawayajui. Kanuni za uthamini wa ardhi za mwaka 2001 zinataja mbali na thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36 na fidia ya upotevu wa faida ya biashara. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaelekeza kwamba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yaambatane na riba, na kwamba uthamini ukipitisha miaka miwili bila malipo urudiwe upya. Huu ni ulinzi wa kweli. Kwa mantiki ya hatua, maana yake ni kwamba uthamini usifanyike mapema mno ukaachwa uchakae, wala usifanyike huku katapila linaunguruma mlangoni.

Hata hivyo, ulinzi huu una mianya. Fidia ya nyumba humfuata mwenye nyumba; mpangaji, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi, hupewa notisi ya kuhama tu. Fidia ya faida hutaka ushahidi wa hesabu, zikiwemo hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Mama lishe anayeuza chai na vitumbua kituoni hana mkaguzi wa hesabu, ingawa kwa biashara hiyo amesomesha watoto watatu. Fundi viatu, muuza vocha na kijana wa bodaboda hawaonekani katika jedwali la mthamini. Mafundisho jamii ya Kanisa yanawaona. Laudato si' inakumbusha kwamba pale inapobidi kuwahamisha watu, wapewe taarifa mapema na za kutosha, wawekewe machaguo ya makazi yenye staha, na wenyewe wahusishwe katika mchakato, ili mateso yasirundikwe juu ya mateso.

Njia ya kando kabla ya kufunga njia kuu

Kanuni ya tatu inahusu kipindi cha katikati, yaani miezi ile ambayo barabara ya zamani imevunjwa na mpya haijawa tayari. Wapangaji hukiita kipindi cha mpito, lakini kwa mwananchi hiyo ndiyo barabara yenyewe kwa miaka miwili au mitatu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati mchepuko unafunguliwa anaweza kufika darasa la tatu bado anavuka vumbi na mashimo yale yale.

Zipo njia kadhaa za kujenga bila kulikata jiji vipande viwili. Ya kwanza ni kujenga pembeni na kuiacha njia ya zamani ifanye kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa Machi 2022: Daraja la Selander liliendelea kupitisha magari muda wote wa ujenzi. Ya pili ni kujenga nusu ya upana wa barabara huku nusu nyingine ikitumika. Ya tatu ni kufunga kabisa na kuwaelekeza watu kwingine. Njia ya tatu huenda ikawa ya haraka kwa mkandarasi, lakini gharama yake inahamia mitaani: magari makubwa huingia katika barabara za TARURA ambazo hazikujengwa kwa uzito huo, huzivunja, na mradi ukikamilika mtaa hubaki na mahandaki ambayo hayamo katika mkataba wa mtu yeyote.

Kwa hiyo haki inadai kwamba njia za mchepuko ziimarishwe kabla barabara kuu haijafungwa. Kwamba mabomba ya maji na nguzo za umeme vihamishwe mapema, mtaa usikae bila huduma. Kwamba waenda kwa miguu na watu wenye ulemavu wawekewe kivuko salama tangu siku ya kwanza. Na kwamba kazi za mtoni zipangwe kwa kuheshimu masika na vuli. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, si ajali. Mkandarasi anayechimba misingi mtoni mwezi Aprili kisha akaomba nyongeza ya muda kwa sababu ya mvua amepanga vibaya, na aliyekubali ratiba hiyo naye amepanga vibaya.

Ukuta wa Yerusalemu na kilio cha maskini

Maandiko Matakatifu yana kitabu kizima kinachohusu mradi wa ujenzi uliogawanywa vipande. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa sherehe ya jiwe la msingi. Alizunguka usiku akiukagua ukuta, akaona mahali palipobomoka. Kisha akaugawa ukuta kwa sehemu, na wengi walipewa kujenga sehemu inayoielekea nyumba zao wenyewe. Makuhani nao walishika kazi, wakajenga Lango la Kondoo. Kazi ilimalizika kwa siku 52.

Lakini wasomaji wengi huiruka sura ya tano. Katikati ya kazi, ukuta ukiwa umepanda, maskini walilia. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na watoto wao walikuwa wakichukuliwa utumwani kwa sababu ya madeni. Nehemia angeweza kuwaambia wavumilie kwa kuwa ukuta ni kwa faida ya wote. Hakufanya hivyo. Aliitisha mkutano, akawakabili wakubwa na viongozi, akadai mashamba na nyumba virudishwe, kisha kazi ikaendelea. Kwake, kilio cha maskini kilikuwa sehemu ya mradi wenyewe, sawa na mawe na milango.

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha mafao ya wengi. Mafao ya wengi si jumla ya faida ya walio wengi, wachache wakiachwa walipe. Ni mazingira yanayomwezesha kila mtu, pamoja na yule wa bondeni, kuishi kwa utu na heshima. Barabara inayowafikisha laki moja kazini kwa kuwafukarisha mia moja ina deni, hata kama mkaguzi wa hesabu hakuliandika.

Wajibu wetu parokiani

Baada ya kusema hayo, tungekosa uaminifu kama tungewanyoshea kidole wahandisi na viongozi, sisi wenyewe tukakaa pembeni. Mchanga unaoijaza Jangwani unatoka juu, na taka zinazoziba makalavati zinatoka katika mitaa yetu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo kando ya Msimbazi na vijito vyake zinaweza kuanza na jambo lililo karibu: kusafisha mtaro unaoielekea nyumba, kama watu wa Nehemia walivyojenga sehemu inayoielekea nyumba zao.

Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa pale mradi unapojadiliwa. Mara nyingi mkutano huitishwa, wanahudhuria wachache, na miezi sita baadaye tunalalamika kwamba hatukushirikishwa. Tuulize maswali ya wazi: mto utashughulikiwa lini kuhusiana na daraja? Nani amethaminiwa, na tarehe ya uthamini ni ipi? Wapangaji na wafanyabiashara wadogo watahamia wapi wakati wa ujenzi? Barabara ya mtaa itakayobeba mchepuko itakarabatiwa na nani mradi ukiisha? Njia ya gari la wagonjwa kwenda Muhimbili ni ipi siku barabara ikifungwa?

Tatu, wanataaluma Wakatoliki, yaani wahandisi, wanasheria, wathamini na wahasibu, wana utume wa pekee katika jambo hili. Mwanasheria mmoja akitoa alasiri moja parokiani kuwasaidia wajane kusoma fomu za uthamini, anaweza kuokoa nyumba ya mtu. Nne, Kanisa lenyewe lisidai upendeleo. Ukuta wa parokia ukiwa ndani ya hifadhi ya barabara, tuusogeze kwa utaratibu ule ule tunaotaka jirani yetu atendewe. Tukipiga kelele kwa ajili ya ukuta wetu na kukaa kimya kwa ajili ya kibanda cha mama lishe, ushuhuda wetu utakuwa bure.

Daraja la Jangwani linahitajika, na linahitajika kwa haraka. Tunawaombea wahandisi na vibarua wanaofanya kazi katika bonde lile, wengi wao wakiwa vijana wa parokia zetu, wafanye kazi kwa usalama na walipwe kwa wakati. Tunawaombea viongozi hekima ya kupanga na ujasiri wa kusubiri pale inapobidi. Lakini siku ya uzinduzi, utepe utakapokatwa na mabasi yakapita juu ya maji bila kusimama, tuwatafute pia wale walioishi chini ya daraja lile. Tukiwakuta wana paa, kazi na watoto shuleni, hapo tutajua kwamba daraja limejengwa vema. Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure. Nasi tumwombe ajenge pamoja nasi.